Familia Isiyompa Chui Wali

Yashwant Dhindale alikuwa karani wa idara ya umwagiliaji mjini Nashik kwa miaka ishirini na miwili, na katika muda wote huo hakuwahi kumwagilia hata mchicha. Kazi yake ilikuwa kuziandika barua zinazoingia kwenye daftari moja, zinazotoka kwenye daftari lingine, na kuhakikisha hazikutani. Alikuwa mtu mpole, mwenye kipara cha heshima. Mchana alikula mkate wake wa ulezi na pilipili ya kusaga akiwa amegeukia ukuta, maana wenzake wa mjini waliutazama mkate ule mweusi kana kwamba umekosea mlango.

Kazi hiyo aliipata kupitia nafasi ambazo serikali imewatengea watu wa makabila ya milimani. Yeye ni Mkoli wa Mahadeo, wa vilima vya Akole. Hapo ndipo penye utata, kwa kuwa Wakoli ni wengi kama siafu. Wapo wa milimani, waliomo kwenye orodha ya serikali, na wapo wavuvi wa mitoni na pwani, wasiokuwemo. Cheti cha Yashwant kilisema yeye ni wa milimani. Lakini cheti nacho kinahitaji cheti: lazima Kamati ya Uhakiki ikague kile cha kwanza na kutamka kwamba hakikughushiwa. Faili lake lilikuwa limelala kwenye kamati hiyo tangu siku alipoajiriwa, na Yashwant, mtu mwenye adabu, hakuwahi hata kukohoa karibu nalo. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

Mwezi wa Juni, mvua ilipoanza, mtu akaliamsha.

Ilikuwa barua isiyo na jina, mistari minane, wino wa zambarau. Kamati iliipokea, ikaitoa nakala, ikaipeleka ofisini kwa Yashwant pamoja na wito wa kuhojiwa. Na kwa kuwa kila barua inayoingia ofisini lazima iandikwe daftarini, Yashwant akaiandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri: namba 1147, mada, *Ughushi wa Kabila wa Karani Y. Dhindale*. Halafu ndipo akaisoma.

"Dhindale si Mkoli wa Mahadeo," barua ilisema. "Siku ya Waghbaras Mkoli wa Mahadeo humpa chui wali wa maziwa. Familia yao haimpi chui kitu. Wanamtukana. Mlishaona wapi kabila la namna hiyo? Mfukuzeni."

Kilichomkausha mate Yashwant ni kwamba habari ile ya chui ilikuwa ya kweli.

Kuanzia siku hiyo hakukuwa na mtu mwema tena mjini Nashik. Khairnar, karani wa meza ya pili, alimjia na vikombe viwili.

"Kaka Dhindale, chai."

Khairnar hakuwahi kumnunulia mtu chai tangu aajiriwe.

"Ya nini?"

"Ya nini tena? Ya kunywa."

"Unatumia kalamu ya rangi gani?"

"Ya bluu. Kaka, umelala kweli?"

"Na nyumbani?"

"Nyumbani nina mke, sina kalamu."

Yashwant akaliandika jina la Khairnar nyuma ya daftari la barua zinazotoka. Kufikia Jumamosi orodha ilikuwa na majina kumi na saba, akiwemo dobi, mlinzi wa lango na shemeji yake mwenyewe. Manda, mkewe, aliikuta alipokuwa akitafuta bili ya umeme.

"Kaka yangu amefuata nini humu?"

"Ninachunguza."

"Kaka yangu hawezi kuandika mistari minane. Akiandika miwili anaomba maji." Akaisoma barua tena, kidole kikifuata maneno. "Baba Sayali, hebu tumia akili. Nashik nzima nani anajua mambo ya chui wenu? Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu ni mtu wa kwenu."

Yashwant hakutaka kusikia. Kumshuku Khairnar kulikuwa na raha yake. Kuwashuku watu wa kijijini kulikuwa kama kujitafuta chawa hadharani.

Akaenda kwa wakili. Ofisi ya Wakili Kulthe iliitazama ofisi ya kamati kama duka la sanda linavyoitazama hospitali. Wakili alimsikiliza huku akitafuna tambuu, kisha akafungua droo na kutoa kijitabu cha kurasa kumi na mbili, kilichonakiliwa mara nyingi mpaka herufi zikanenepa.

"Kabila lako lote limo humu," alisema. "Miungu, harusi, vilio, ngoma. Maswali arobaini na majibu yake. Likariri."

"Lakini Wakili, mimi ndiye kabila lenyewe."

"Hapo ndipo shida yako inapoanzia, ndugu yangu. Wateja wangu wasio wa kabila hawajawahi kushindwa. Hawana cha kuchanganya."

Kijitabu, kama wakili alivyoeleza bila aibu yoyote, kilikamuliwa kutoka kwenye kitabu kikubwa cha Dokta Pathre. Na Dokta Pathre ndiye mtafiti wa kamati, yule anayeuliza maswali. Swali la thelathini na moja: *Mkoli wa Mahadeo hufanya nini siku ya Waghbaras?* Jibu: *Humpa chui wali wa maziwa kwenye jani, akielekea mashariki.*

Yashwant alikariri wakati wa kunyoa, wakati wa kuoga, akiwa juu ya barua za mifereji. Alijifunza kutoka kwa fotokopi jinsi mama yake alivyoolewa. Kisha, kwa kuwa kamati huhoji na mzazi, akapanda Akole kumfundisha mama yake naye.

Hausabai alikuwa na miaka sabini na minane, mdogo kama kinu, chale za zamani zikiwa zimefifia kwenye paji la uso. Alikuwa barazani akichagua mawe kwenye mchele.

"Mama, ukiulizwa na kamati, sema tunampa chui wali."

"Chui yupi?"

"Wa Waghbaras."

"Yule aliyemla Lakhma, babu yake marehemu baba yako?"

"Mama."

"Na mtamba wake juu? Ndiyo nimpe wali? Zawadi ya kazi nzuri?"

Kijiji kizima, siku ile ya kumheshimu chui kabla ya Diwali, hupeleka wali kwenye jiwe lililochongwa sura yake. Watoto hucheza chui na dubu, watu hula, mambo huisha. Akina Dhindale, tangu Lakhma aliwe, humshtaki. Mwanamke mkubwa wa ukoo husimama mbele ya jiwe na kusoma mashtaka kwa kichwa: babu mmoja, mtamba mmoja, mbuzi kadhaa, na mbwa aliyekuwa na tabia nzuri. Mtu hupiga magoti amejifunika blanketi la madoa, ndiye chui, na hujibu mpaka akiri. Hawezi kuwa Dhindale, kwa sababu hakuna Dhindale atakayebeba hatia ya damu yake mwenyewe. Kwa miaka thelathini kazi hiyo ilifanywa na jirani, Lahanu Bambale, karani wa ushirika wa maziwa.

"Sema mara moja tu," Yashwant alisihi. "Wakinikataa, kazi imekwenda. Pensheni imekwenda. Nitarudi hapa nichague mawe na wewe."

"Uongo ungekuwa mzuri ningesema," Hausabai alijibu. "Nimewahi kusema mikubwa zaidi, ulipokuwa unaposa. Ila huu ni wa kunifedhehesha. Watu watasema Hausabai kazeeka, kamwogopa paka mkubwa."

Akarudi mjini mikono mitupu, na njiani akapitia shule aliyosoma babu yake. Alitaka nakala ya rejista ya zamani, maana kamati hupenda karatasi zilizoandikwa kabla ya watu kujua kuna faida. Mwalimu wa mwaka 1921 alikuwa ameandika kwenye safu ya kabila neno moja tu: Koli. Wa mlimani? Wa mtoni? Hakusema. Yashwant aliitazama rejista mpaka macho yakamwuma. Je, mwalimu alikuwa mvivu, au babu alikuwa mvuvi?

Wazo hilo likampata kama mafua. Amemshuku Khairnar, dobi na shemeji. Sasa akaanza kumshuku marehemu. Alisimama mbele ya kioo akichunguza pua yake kama ina dalili za samaki. Kwa nini alipenda dagaa wakavu? Kwa nini baba yake aliogelea vizuri vile? Wakoli wote humpa chui wali isipokuwa wao. Labda hawakuwa wa pale. Labda walipanda mlima mwaka fulani wakiwa na nyavu, wakazizika nyuma ya nyumba.

Siku ya kuhojiwa walikuwa waombaji sita kwenye benchi la ukumbini, midomo ikicheza kimyakimya kama ya wacha Mungu. Mlango ulikuwa wa ubao mwembamba. Kila aliyeingia alisikika akifika mahali pale pale kwa sauti ile ile: "…kwenye jani, akielekea mashariki." Na kila mara sauti nyingine nzito, iliyoshiba, ilijibu: "Vizuri sana."

Yashwant aliitwa wa mwisho, akaingia na mama yake. Mwenyekiti wa kamati alikuwa afisa aliyebakiza miezi mitano kustaafu, na alionekana akiihesabu. Pembeni yake alikaa Dokta Pathre, shati jeupe, kitabu chake kikubwa mezani mbele yake kama mtoto wa kwanza.

Maswali thelathini yalipita kama maji mferejini. Likafika la thelathini na moja.

"Siku ya Waghbaras," alisema Yashwant, "Mkoli wa Mahadeo humpa chui wali wa maziwa kwenye jani, akielekea…"

"Mwongo!" alisema Hausabai.

Mwenyekiti akaacha kuhesabu miezi.

Hausabai akaeleza yote, babu, mtamba, mbuzi na yule mbwa, na alipofika kwenye matusi akatoa mifano miwili. Mpiga chapa wa kamati akauliza kama ayaandike.

"Mama," alisema Dokta Pathre kwa upole wa mtu anayemwondoa kuku sebuleni, "desturi hiyo haimo katika maandiko."

"Nani aliyaandika?"

"Mimi."

"Ulikuja kwetu lini?"

"Kwenu hasa sikufika. Nilitegemea vitabu vilivyotangulia."

"Basi kamati ingewaita hao waliotangulia. Mimi umeniitia nini na magoti haya?"

Mwenyekiti akamgeukia Yashwant. "Bwana Dhindale, wewe unasema wali, mzazi wako anasema matusi. Nani mkweli?"

Ukurasa wa mwisho wa kijitabu ulikuwa na jibu la hilo pia: *Mzazi akikosea, sema: ni mzee, amechanganyikiwa.* Yashwant alikuwa nalo kwenye ulimi. Maneno matatu, na miaka ishirini na miwili ingelala tena usingizi wake. Akamtazama mama yake. Hakuwa akimsihi wala kumlaumu. Alikuwa akimkagua, vile vile alivyokagua mchele.

"Mama ndiye mkweli," alisema. "Mimi nimekariri."

Nje, kwenye benchi, mtu aliangusha kitu.

Wale watano walithibitishwa wote. Yashwant alikataliwa kwa sababu mbili: mwombaji amekiri kudanganya, na desturi ya mama yake haijulikani na elimu. Wiki iliyofuata ofisi yake ikamwandikia barua ya kuachishwa kazi, naye akaiandika kwenye daftari la barua zinazotoka, namba 2206. Khairnar alimletea chai, akainywa bila kuuliza.

Wakili Kulthe alitaka kujitoa kwa aibu, kisha akakumbuka kwamba Mahakama Kuu ina ada nzuri zaidi. Jaji alisoma faili akicheka kwa pua. Amri yake ilikuwa fupi. Karani asifukuzwe kwanza. Desturi haiwi ya uongo kwa kukosa kuandikwa. Mtafiti wa kamati aende mwenyewe siku ya Waghbaras akaone kwa macho, na arudi na taarifa iliyotiwa saini na shahidi mwenyeji wa pale, Mkoli wa Mahadeo mwenye cheti kilichothibitishwa, asiye ndugu wa mwombaji. Ikikosekana saini hiyo, uamuzi wa kwanza unabaki.

Siku ya Waghbaras Dokta Pathre alifika Akole adhuhuri na viatu vya mjini. Alishuku kila alichokiona. Alilikwaruza jiwe la chui kwa ufunguo wa gari kuona kama limechongwa juzi.

"Rangi hii ni ya lini?"

"Ya mwaka jana," alisema Hausabai. "Ulitaka asipakwe, aonekane wa maktaba?"

Akauliza watoto majina ya mababu zao. Akanusa wali wa majirani. Yashwant naye alimshuku Dokta, akimfuata hatua tatu nyuma, asije akaandika kitu ambacho hakikutokea. Saa tisa watu wakakusanyika, Hausabai akajifunga sari vizuri kiunoni, na chui hakuonekana.

"Lahanu yuko wapi?"

Yashwant akakimbia kwake. Lahanu Bambale alikuwa ameketi mlangoni, mtu mnene mwenye masharubu yaliyochanwa, blanketi la madoa likiwa limekunjwa chini ya matako yake.

"Kaka Lahanu, tunakungoja."

"Mgongo."

"Jana nilikuona umebeba gunia la pumba."

"Gunia halinitukani."

Yashwant akasimama. Katika mfuko wa shati la Lahanu, palipochomoka daftari la maziwa, kulikuwa na kalamu. Kifuniko chake kilikuwa cha zambarau. Alikuwa ameiona kalamu ile mara elfu ikiandika lita za maziwa ya kijiji kizima, na katika majina kumi na saba hakuwahi kuliwaza la mwenye nayo.

"Ni wewe," alisema.

"Mimi nini?"

"Hujui?"

"Najua maziwa tu mimi," alisema Lahanu, akatazama mbali, kwenye mashamba ya mpunga.

Kumpiga kulimjia Yashwant mikononi, kukashuka. Kijijini watu wasio ndugu zake wenye cheti kilichothibitishwa walikuwa wawili tu: mmoja ni Lahanu, mwingine alikuwa hospitalini Pune. Akageuka, akarudi kwenye jiwe.

Dokta Pathre tayari alikuwa ameshafungua kalamu yake. "Hakuna chui, hakuna desturi," alisema. "Nitaandika hivyo."

"Nani kasema hakuna?" alisema Hausabai. "Wewe si Dhindale."

"Mama, mimi ni afisa wa…"

"Mahakama imekutuma uone. Ukiwa chini utaona vizuri zaidi. Piga magoti."

Watoto walishaanza kushangilia. Mtu akamtupia gunia mgongoni kwa kukosa blanketi. Dokta Pathre, mwandishi wa kurasa mia nne juu ya makabila ya milimani, akashuka kwenye tope kwa mikono na magoti, akiishikilia miwani.

"Wewe chui!" Hausabai alinguruma. "Mwana wa paka jikoni, tumbo kama kapu la mwizi! Ulimla Lakhma au hukumla?"

"Kwa ushahidi uliopo," alisema Dokta, "jambo hilo halijathibitika."

Umati ukazomea. Hausabai akauliza tena, naye akaomba muda wa kupitia kumbukumbu.

"Chui gani huyu!" sauti ilipasuka nyuma ya watu. "Anakohoa kama karani!"

Lahanu Bambale alikuwa amekuja kutazama tu, kama alivyosema baadaye. Lakini fundi hawezi kuona kazi yake ikiharibiwa. Alipasua umati, akamsukuma Dokta kando kwa nyonga, akajifunika blanketi la madoa na kutua kwa mikono na magoti kwa uzito uliofanya kuku watawanyike. Akanguruma. Watoto wawili wakalia, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa Dokta.

"Ulifanya au hukufanya?" alisema Hausabai.

"Nilifanya."

"Kwa nini?"

Jibu la kila mwaka lilikuwa *njaa*. Safari hii Lahanu aliinua kichwa chini ya blanketi.

"Nilichoka kutukanwa," alisema, akimwita Hausabai shemeji kwa ujirani tu. "Miaka thelathini, shemeji. Mbele ya watoto wangu. Mwana wa paka, tumbo la mwizi. Kisha mwanao anakwenda mjini anakula mshahara, na mimi ndiye ninayeitwa mla watu sokoni."

Hakuna aliyecheka. Hausabai aliyatazama madoa ya blanketi kwa muda, halafu akamtazama mwanawe, na Yashwant akaona kwamba mama yake ameelewa, pengine tangu Juni.

Dokta Pathre hakuelewa. Alikuwa akiandika haraka, magoti yakichuruzika tope, uso umewaka kama wa mtu aliyegundua mto. "Ajabu kabisa," alisema. "Chui anajieleza! Huyu bwana ana cheti? Si ndugu? Basi atie saini hapa. Kwa hili kamati haina la kusema tena."

Akaliweka faili juu ya jiwe. Lahanu akainuka, akajipangusa mikono, akaichomoa kalamu. Akaiangalia karatasi, hakuandika.

"Nina sharti."

"Lipi?" alisema Yashwant.

"Si wewe ninayesema naye. Shemeji, futa 'mwana wa paka jikoni'. Na futa la tumbo. Mbele ya watu hawa."

"Mashtaka hayafutwi," alisema Hausabai.

"Basi saini haiandikwi."

"Mama," alisema Yashwant.

"Nyamaza, nafikiri." Alifikiri kwa muda mrefu kuliko kamati ilivyofikiri kwa miaka ishirini na miwili. Upepo ulipekua kurasa za faili, na Dokta akazikandamiza kwa kiganja chenye tope. "La paka nafuta," alisema hatimaye. "Mama yako nilimjua, alikuwa mtu mzuri. La tumbo linabaki, maana kila mtu analiona."

Lahanu akalitazama tumbo lake kwa haki. "Sawa," alisema.

Akainama na kutia saini. Yashwant alisogea mpaka kipara chake kikakaribia kugusa karatasi, akaisoma saini ile herufi baada ya herufi, kisha akaisoma tena kutoka mwisho, kuhakikisha kwamba safari hii jirani yake ameandika jina lake.